Hesabu ya Maisha Miongoni mwa Waliosoma Darasa Moja

Katika mizani zote ambazo binadamu hutumia kupima maisha yake, hakuna iliyo kali kama ile ya kujilinganisha na watu aliosoma nao darasa moja. Tajiri wa mbali hamsumbui mtu sana, kwa kuwa ni rahisi kusema kwamba alizaliwa katika nyumba nyingine na akafunguliwa milango mingine. Lakini mtu aliyelala kitanda cha juu katika bweni lilelile, akala makande yaleyale, akafanya mtihani uleule siku ileile, na leo ni jaji au mkurugenzi, huyo huacha swali lisilojibika upesi. Kama mwanzo ulikuwa mmoja, tofauti ya mwisho imetoka wapi, na ni nani anayestahili sifa au lawama kwayo? Swali hilo ni la kifalsafa kwa sababu linahusu stahili, yaani uhusiano kati ya alichotenda mtu na alichokipata. Nalo ni la kidini kwa sababu dini kubwa za Afrika Mashariki zinafundisha kwamba maisha yatatolewa hesabu, na kwamba mwenye kuipokea hesabu hiyo si mwanadamu mwenzake.

Ili swali lisielee hewani, linafaa kuulizwa kwa habari ya kizazi kimoja: Watanzania waliomaliza kidato cha sita katikati ya miaka ya 1980, ambao wengi wao walizaliwa katikati ya miaka ya 1960, na sasa wamefika au wamekaribia miaka 60, umri ambao kwa mtumishi wa umma ni wa kustaafu kwa lazima. Kizazi hicho kina sababu yake ya kujihesabu, kwa kuwa kilisomeshwa na nchi iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 na kikaingia kazini wakati nchi hiyohiyo ikiiacha njia hiyo. Tena simu zimekikutanisha upya katika makundi ya WhatsApp yanayopewa jina la shule na mwaka wa kuhitimu, ambamo kila asubuhi husomwa salamu, dua, taarifa ya msiba na orodha ya waliochangia. Orodha hiyo ya michango, iwe imekusudiwa hivyo au la, ni hesabu ya maisha iliyoandikwa kwa shilingi.

Linalotangulia kuchunguzwa ni dai lenyewe kwamba waliosoma pamoja walianza sawa. Dai hilo lina ukweli mkubwa kuliko wanavyokumbuka vijana wa leo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misheni chini ya serikali, zikiwemo Pugu na Minaki, ili nafasi ya masomo isitegemee dini ya mzazi. Uchaguzi wa kuingia kidato cha kwanza ulizingatia mgawanyo wa mikoa, ili mikoa iliyotangulia kufikiwa na wamisionari isiimeze ile iliyochelewa kupata shule. Na mtoto aliyechaguliwa aliweza kupelekwa mbali na kwao kwa makusudi, kutoka Mtwara hadi Tabora au kutoka Bukoba hadi Songea, akiwa na sanduku la bati na waranti, yaani hati ya serikali iliyomwezesha kusafiri bila kulipa nauli. Katika shida ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni ilipokuwa bidhaa ya kutafutwa na ugali ulipopikwa kwa unga wa yanga, yaani mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, mtoto wa mkuu wa mkoa na mtoto wa mkulima wa mtama walipanga mstari mmoja wenye sahani mikononi. Usawa huo ulijengwa kwa gharama na kwa nia, na unastahili kutajwa kama mafanikio ya kimaadili, hata na wale wanaoona makosa mengi katika siasa iliyouzaa. Mtu mwenye miaka 60 anapomwita mwenzake wa kabila na dini nyingine "ndugu yangu, tulilala bweni moja", anataja kitu kilichotokea kweli.

Hata hivyo, usawa huo ulikuwa na mipaka ndani ya darasa lenyewe. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mvulana aliyeshiriki kitendo hichohicho, kama hakutajwa jina, alikaa akafanya mtihani wake. Ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Miaka 40 baadaye mvulana yule ni mstaafu mwenye heshima, na msichana yule, kama jina lake linakumbukwa katika kundi la simu, hutajwa kwa neno "aliishia kidato cha tatu", kana kwamba alichoka njiani. Mfano huu unalifikisha suala pale ambapo wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walilifikisha mwaka 1976 katika mjadala wao juu ya kile kinachoweza kuitwa bahati ya kimaadili.

Maana ya istilahi hiyo ni hii. Watu huamini kwamba mtu asihukumiwe kwa jambo lisilokuwa katika uwezo wake, na Immanuel Kant aliipa imani hiyo sura yake kali kabisa mwaka 1785 alipofundisha kwamba nia njema hubaki na thamani yake yote hata kama haikufanikiwa kutimiza lolote. Lakini katika maisha ya kila siku watu hao hao huhukumu kwa matokeo, na matokeo hutegemea mambo mengi ambayo mtendaji hakuyachagua. Madereva wawili wanaendesha kwa uzembe uleule, mmoja anafika nyumbani salama, mwingine anakutana na mtoto anayevuka barabara. Kosa la nia ni moja, lakini mmoja ataitwa muuaji na mwingine hataitwa chochote. Nagel alipanua wazo hilo akaonyesha kwamba bahati huingia hata katika mazingira ambamo mtu hujaribiwa, na hata katika tabia aliyozaliwa nayo, hivi kwamba ukiondoa kila kisichokuwa cha mtu mwenyewe, kinachobaki cha kuhukumiwa ni kidogo mno, na pengine hakipo.

Kizazi cha katikati ya miaka ya 1980 kinaweza kulisoma jambo hilo katika kumbukumbu zake bila kufungua kitabu. Baada ya kidato cha sita walikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, kwa mwaka mmoja wa lazima; kisha vyuoni; kisha wengi walipangiwa kazi na serikali, kwa kuwa mwajiri mkubwa alikuwa ni huyohuyo. Tuseme wahasibu wawili waliomaliza chuo wakiwa na alama zinazolingana, mmoja akapangiwa kiwanda cha nguo cha mkoani na mwingine akapangiwa bandarini. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Na katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakauzwa au kufungwa. Mhasibu wa kiwanda alipigwa redandansi akiwa na watoto wadogo, akarudi kwao au akafungua duka la rejareja katika mji ambao nao ulikuwa umepoteza mishahara yake. Mwenzake wa bandarini aliendelea kupokea mshahara katika miaka ileile ambayo viwanja vya pembezoni mwa Dar es Salaam vilikuwa bado vya bei nafuu, akanunua kimoja, akajenga polepole, na leo kiwanja kile peke yake kina thamani inayozidi jasho lote la mwenzake. Katika mazungumzo ya wanadarasa, tofauti hiyo husimuliwa kwa kitenzi kimoja: huyu alijipanga, yule hakujipanga. Hakuna anayesema uongo, maana ni kweli mmoja alijenga na mwingine hakujenga. Lakini kitenzi hicho kinahamisha uamuzi wa ofisi iliyowapangia kazi na kuufanya uwe sifa ya nafsi.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao makundi hayaugusi, na ni kwa sababu unauma. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, wakati kizazi hiki kiko shuleni, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika huduma za umma kuanzia mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo wengi wao walipokuwa vijana, wakaoa na kuolewa, wakahamishwa vituo vya kazi, wakasafiri. Aliyeugua mwaka 1996 alikufa; aliyeugua mwaka 2006 anameza vidonge vyake kila siku na amewaona wajukuu. Mwenendo wa wawili hao ungeweza kuwa mmoja kabisa, au wa yule aliyekufa ungeweza kuwa mwema zaidi, kwa kuwa wapo wengi walioambukizwa ndani ya ndoa waliyoitunza. Lakini hukumu iliyosemwa kwa sauti ya chini kwenye misiba ya miaka ile, kwamba marehemu "aliishi ovyo", haijawahi kufutwa rasmi na yeyote, na waliookoka kwa tofauti ya miaka michache tu hawajajiuliza vya kutosha kama kuishi kwao ni ushahidi wa wema wao. Darasa linaloombea marehemu wake lingetenda haki kama lingeanza kwa kuwaondolea maneno hayo.

Ikiwa bahati imeingia ndani kiasi hicho, mtu anaweza kushawishika kuamini kwamba hesabu ya maisha haiwezekani kabisa. Hapo ndipo mapokeo ya dini yanapokuwa na neno ambalo falsafa ya karne ya 20 ililiacha wazi. Katika Uislamu, kujihesabu kunaitwa muhasaba, na mwanachuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika sehemu nzima juu yake katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini. Anaieleza nafsi kama mshirika wa biashara ambaye mwenye mali humkabidhi mtaji: kwanza humwekea masharti, kisha humchunga anapofanya kazi, kisha hukaa naye na kuhesabu faida na hasara, na akimkuta amefanya hiana humtia adabu na kumlaumu. Mtaji unaozungumziwa hapo ni umri. Cha kuangaliwa kwa makini ni kwamba katika daftari hilo hakuna safu ya jina la mfanyabiashara wa jirani. Anayehesabiwa ni mmoja, na anahesabiwa juu ya kile alichokabidhiwa yeye. Qurani nayo, katika Sura ya An-Nisaa, inakataza watu kutamani kile ambacho Mwenyezi Mungu amewapa baadhi yao zaidi ya wengine, na katika Sura ya Al-Hashr inaiamuru kila nafsi itazame ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho, bila kutaja kwamba itazame alichokitanguliza mwenzake.

Injili ya Mathayo inafika mahali hapohapo kwa mfano wa talanta katika sura ya 25. Talanta ilikuwa kipimo kikubwa cha fedha, na bwana anayesafiri anampa mtumishi mmoja talanta tano, mwingine mbili, mwingine moja. Wahubiri wengi huharakia yule wa tatu aliyefukia yake ardhini, na kwa kufanya hivyo hupita bila kusimama kwenye jambo lililo muhimu zaidi kwa watu waliosoma darasa moja: maneno ya sifa anayoambiwa mwenye faida ya tano na anayoambiwa mwenye faida ya mbili ni yaleyale, hayakuongezwa wala kupunguzwa. Msimulizi angeweza kuyafupisha mara ya pili, kama wasimulizi wafanyavyo, lakini ameyarudia yote. Na sura ya 20 inakwenda mbali zaidi, pale wafanyakazi wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa ya kumi na moja wanapolipwa sawa na walioanza alfajiri, na wale wa alfajiri wanaponung'unika huulizwa kama jicho lao limekuwa ovu kwa sababu mwenye shamba ni mwema. Kwa mtu aliyepigwa redandansi akiwa na miaka 32 na akaanza upya akiwa na 45, mfano huo unaelezea maisha yake mwenyewe.

Mapokeo hayo mawili, basi, yanaifuta mizani ya kulinganisha lakini hayaifuti hesabu. Hata hivyo yanaacha ugumu mmoja, na ugumu huo ndio unaowapa wanadarasa umuhimu ambao hauwezi kuchukuliwa na jamaa, jirani wala mfanyakazi mwenza. Kama kila mtu anahesabiwa juu ya alichokabidhiwa, atajuaje kwamba alikabidhiwa? Riziki iliyokaa na mtu muda mrefu hugeuka machoni pake ikawa sehemu ya mwili wake. Aliyepata afya huiona kuwa ni kawaida, aliyepata mshahara usiokatika huuona kuwa ni tabia yake ya kujipanga, na aliyepata mzazi wa kumtunzia mtoto wakati wa masomo humsahau mzazi huyo. Mtu anayeishi peke yake na mafanikio yake hana namna ya kutenganisha mtaji na faida. Ni pale tu anapomtazama mwenzake aliyekuwa na akili sawa na yake, bidii sawa na yake, na pengine nidhamu kuliko yeye, kisha akaona yalipofika maisha ya mwenzake huyo, ndipo mstari kati ya alichopewa na alichokifanya unapoanza kuonekana. Kwa hiyo kujilinganisha na wanadarasa kunafaa, kwa sharti kwamba matumizi yake yageuzwe: kusitumike kupima stahili, kutumike kugundua amana. Swali linalofaa kuulizwa na yule aliyefanikiwa ni nini kiliwekwa mkononi mwake ambacho hakikuwekwa mkononi mwa mwenzake, na mali hiyo ya amana imekwenda wapi.

Fundisho la bahati na kadari lina hatari yake, nayo haifai kufichwa, kwa kuwa baadhi ya utajiri unaotajwa kwenye makundi hayo haukuletwa na bahati wala na juhudi, uliletwa na wizi wa mali ya umma. Mtu wa namna hiyo hupenda kusema kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, na wenzake hupokea mchango wake mkubwa kuliko wa wote na kumshukuru kwa jina. Wanavyuoni wa Kiislamu wamefundisha kwamba toba ya dhambi inayogusa haki za waja haikamiliki kwa kujuta, kuacha na kuazimia tu, mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe. Na katika sura ya 19 ya Luka, Zakayo mtoza ushuru hakuishia kumkaribisha mgeni nyumbani, aliahidi kurudisha mara nne. Kadari katika mafundisho hayo inaeleza kilichompata mtu. Haijapata kuwa stakabadhi ya kile alichokichukua. Darasa linaloshangilia bila kuuliza linashiriki kwa kiasi fulani, na jambo hili lingesemwa wazi mara nyingi zaidi misikitini na makanisani kuliko linavyosemwa.

Falsafa ya Kiafrika nayo imelitazama suala la mtu na umri kwa namna yake. Mwanafalsafa wa Nigeria, Ifeanyi Menkiti, katika makala yake maarufu ya mwaka 1984, alidai kwamba katika fikra za Kiafrika utu si kitu anachozaliwa nacho binadamu, ni hadhi anayoifikia polepole kadiri anavyotimiza wajibu wake ndani ya jamii, na ambayo anaweza kushindwa kuifikia. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwamba kauli hiyo inaipa jamii nguvu kupita kiasi, kwa sababu binadamu ana akili na dhamiri ambazo jamii haikumpa, na ndizo zinazomwezesha hata kuipinga jamii hiyo inapokosea. Maisha ya wanadarasa yanampa Gyekye nguvu zaidi. Kama utu ungekuwa ni kile ambacho jamii inakithibitisha, basi aliyefilisika na kuondoka kimyakimya kwenye kundi kwa sababu hana cha kuchangia angekuwa amepungua utu, na kila mtu mwenye dhamiri anajua kwamba sivyo. Lakini Menkiti yuko sahihi katika jambo moja, kwamba mtu huhitaji mashahidi. Mwanadarasa ni shahidi wa aina ya pekee, kwa kuwa alimjua mwenzake kabla ya cheo, kabla ya ndoa, kabla ya ugonjwa. Anakumbuka kwamba mzee huyu mkimya wa leo ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine hesabu za kidato cha nne usiku baada ya prepu, kwa mwanga wa koroboi, na kwamba divisheni wani za watu watatu zilitokana na saa zake.

Ushahidi huo una uzito pia kwa waliokufa. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba aliyefariki huendelea kuwa ndani ya wakati wa Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina na sura, na kwamba huzama katika Zamani anapoondoka mtu wa mwisho aliyemjua. Wapo waliochambua na kupinga mengi katika nadharia ya wakati ya Mbiti, na baadhi ya mapingamizi hayo yana msingi. Lakini kwa habari ya waliokufa wakiwa na miaka 30 bila mtoto, katika miaka ile ya ugonjwa, maelezo yake yanabaki kuwa kweli kabisa. Wazazi wao wameshaondoka. Wanaobaki na majina yao ni watu waliosimama nao paredi, na hao nao wanapungua kila mwaka.

Linabaki suala la deni, ambalo kwa kizazi hiki lilisemwa tangu mwanzo. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru Julius Nyerere aliwafananisha wasomi wachache na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Akila na asirudi, alisema, huyo ni msaliti. Hakuwa akicheza na maneno: Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga utumishi wa taifa wa lazima ambao ungewapa sehemu tu ya mshahara, aliwafukuza zaidi ya 300 na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Inaweza kupingwa, na imepingwa, kwamba serikali iliyodai deni hilo ilishindwa kutimiza upande wake, na kwamba mhasibu aliyefungiwa kiwanda akiwa kazini hana anachodaiwa na serikali iliyokifunga. Pingamizi hilo lina haki yake, ila limekosea kumtambua mdai. Shule zile ziliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa kahawa ya Bukoba na Kilimanjaro, pamba ya Usukumani na korosho za kusini, mazao ambayo, hasa baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, yalinunuliwa na mamlaka za mazao kwa bei iliyopangwa juu ya kichwa cha mkulima, na tofauti ikaenda kwingine. Mdai ni mkulima huyo na watoto wake.

Na watoto wake hawako mbali. Mwaka 1967, katika andiko la Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alisema kwamba ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi wangepata nafasi ya sekondari, na baada ya elimu ya msingi kutolewa kwa wote kuanzia 1977 idadi ya wanaomaliza darasa la saba ilipanda mno huku nafasi za sekondari zikiendelea kubanwa, hivi kwamba katika vijiji vingi aliyechaguliwa alikuwa mmoja au hakuwepo. Kila mtu aliye katika kundi la kidato cha sita alikuwa kwanza katika darasa jingine, alimoketi dawati moja na watoto wenye uwezo kama wake, ambao siku majina yalipobandikwa walirudi shambani wakiwa na miaka 14. Hao ndio waliosoma naye kwa muda mrefu kuliko wote, miaka saba, na ndio pekee ambao kwa kujilinganisha nao angeiona amana yake yote, si sehemu yake. Wengi wao wako hai, wamefika miaka 60 pamoja naye, hawana tarehe ya kustaafu wala kikokotoo cha mafao cha kulalamikia. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni jamii kila mkazi aliyefika miaka 70, ila Tanzania Bara bado haina malipo kama hayo kwa wazee wote. Makundi ya simu hayakuundwa kwa ajili yao. Majina yao yamo katika rejesta za shule za msingi na katika vichwa vya waliobaki kijijini, na yeyote anayestaafu mwaka huu anaweza kuyakusanya kwa safari moja ya kwao, akajua nani yuko hai, nani anaumwa na hana bima, na mjukuu wa nani amefaulu kwenda kidato cha kwanza akakosa sare.